Jabali la pwani huliwa kuanzia chini

Ukifika Watamu, pwani ya Kenya, maji yamekupwa, hasa siku za bamvua bahari inaporudi mbali kabisa, tembea mpaka kwenye vile visiwa vidogo vilivyo mbele ya ufuo. Vimekaa kama uyoga, juu pana chini pembamba, na wageni wanavipiga picha wee halafu wanaondoka. Mimi naomba uingie pale chini, usimame kivulini, upapase lile jiwe. Linakwaruza kama mbuzi ya kukunia nazi, limejaa chaza na konokono, na maji bado yanadondoka toka juu.

Hilo jiwe ni matumbawe ya zamani, yaliota chini ya bahari yapata miaka 125,000 iliyopita maji yakiwa juu kuliko leo, bahari ikashuka yakabaki nchi kavu. Sasa mawimbi yanayarudia. Maji hujaa mara mbili kwa siku na kila yakijaa wimbi linapiga karibu mstari uleule, linasukuma hewa ndani ya nyufa kwa nguvu mpaka jiwe linapasuka, chumvi nayo inachimba, na wale konokono wakikwangua mwani wa kula wanaondoka na chembe za jiwe pia, kidogo kidogo miaka nenda miaka rudi. Chini panabonyea, juu panabaki kama kibaraza, siku uzito ukizidi kinaanguka chote. Upepo wa kusi ukivuma ndio balaa zaidi.

Ndio maana naumia nikiona watu wanajenga ukingoni kabisa eti wapate upepo. Ukisimama juu unaona mwamba mgumu, sawa, lakini hujaona tumbo lake! Wareno walijenga Fort Jesus kule Mombasa juu ya jabali la namna hiihii, 1593 mpaka 1596, na ngome yote ile ilifika mahali msingi ukaanza kuliwa na mawimbi ikabidi ijengewe ukuta baharini. Seuze kijumba cha matofali?

Kuna kiwanja kimoja huku kwetu napita kila wiki, nusu ya ua imeshaanguka baharini, nondo zinaning'inia. Juzi nimekuta mafundi wanamwaga zege jipya palepale ukingoni. Nikawaita wawili tukashuka pamoja, tukaingia chini ya kile kibaraza, mmoja akanyoosha mkono wote ndani na hakufika mwisho.