Walimu wa Kujitolea Watoke Parokia za Jirani

Nafundisha kwa kujitolea katika shule ya msingi inayofadhiliwa na Kanisa Katoliki, upande wa Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi. Kwetu ni Moshi. Tangu nifike hapa Januari 2024 nimeulizwa swali lilelile na Wakenya na Watanzania wenzangu: inakuwaje Mtanzania avuke mpaka aje kufundisha bila mshahara Kenya, wakati kazi hiyo tumezoea kuiona ikifanywa na vijana wa Ulaya na Marekani? Nimeamua kulijibu kwa maandishi kwa sababu naona kasoro iko kwenye mazoea hayo. Parokia za Afrika Mashariki zinapaswa kupelekeana walimu zenyewe kwa zenyewe, kwa mwaka mzima wa masomo, na kila kinachohitajika kwa jambo hilo tayari tunacho.

Siku yangu huanza kwa Misa ya saa kumi na mbili na nusu pamoja na masista ninaokaa kwao. Tukitoka, Lunga Lunga Road imeshajaa watu wanaokwenda viwandani kwa miguu, wanaume kwa wanawake, na watoto wetu wamo katikati yao. Wengine wameongozana na mama zao hadi njia panda, kisha kila mtu anashika njia yake. Mtoto wa miaka tisa anamaliza safari peke yake. Akifika getini ananyoosha ngumi tugotane, ndiyo salamu ya hapa, halafu anakimbilia mstarini.

Mimi si mwalimu wa darasa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inayosimamia TSC, yaani tume inayoajiri walimu, inataka kila anayefundisha awe amesajiliwa nayo. Mimi niliingia kwa kibali cha daraja la herufi I, kile cha kazi za kidini na za hisani, na kazi yangu ni kumsaidia mwalimu wa Gredi ya 4. Watoto wanabanana watatu watatu kwenye dawati. Mwalimu akianza somo, mimi nawatoa watano au sita ambao bado hawajashika kusoma, tunakaa kibarazani. Tunaanza na silabi, tunakwenda kwenye neno, tunafika kwenye sentensi fupi. Kesho yake nusu yao wamesahau, tunaanza tena. Nikimaliza na kundi hilo nasahihisha madaftari, maana mwalimu mmoja hawezi kuyasahihisha yote kila siku hata akikesha.

Hapo ndipo ilipo kazi yenyewe, na haina picha nzuri ya kuwatumia watu nyumbani. Kwenye karatasi za tathmini za mtaala wa Kenya, mtoto asiyeweza kusoma anaandikiwa "mbali na matarajio". Kumtoa hapo hadi "kukaribia matarajio" huchukua mihula. Nimeona mtoto akikaa muhula mzima bila kusogea, kisha wiki moja tu akaanza kusoma mabango ya maduka njiani, anayasoma kwa sauti, mama yake anamwambia anyamaze na hanyamazi. Aliyekuja kwa wiki tatu angekuwa ameondoka zamani, akiamini kwamba mtoto yule haelewi.

Kuna jambo jingine linalowagusa watoto wa hapa. Kuanzia Gredi ya 4, masomo yote isipokuwa Kiswahili hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto ambaye hajashika kusoma anaingia mwaka huo akiwa na mizigo miwili. Pale kibarazani naweza kumweleza nusu na robo kwa Kiswahili hadi aelewe, ndipo tunarudi kwenye kitabu chake cha Kiingereza. Mimi nilisoma hesabu yote ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kwa hiyo maneno ninayo. Kijana aliyetoka Ujerumani wiki iliyopita, hata awe na moyo mwema kiasi gani, hana njia ya kufanya hivyo.

Siwadharau vijana hao. Nimekaa nao meza moja kwa masista na wengi ni wachapakazi wanaopenda watoto kweli. Wanaokuja kupitia weltwärts, mpango ambao serikali ya Ujerumani ilianzisha mwaka 2008, hukaa kati ya miezi 6 na 24, na naona hapo wamefikiri sawasawa. Tatizo langu ni wale wa wiki chache. Likizo yao ya kiangazi inaanguka Julai na Agosti. Huku kwetu mwisho wa Julai ni wakati wa tathmini za muhula wa pili, na mwezi wa nane shule zimefungwa. Wanafika walimu wakiwa na shughuli nyingi kupita kiasi, wanapewa darasa waimbe na wacheze, halafu watoto wanakwenda likizo. Mwaka wa masomo wa Tanzania unaanza Januari sawa na wa Kenya. Mwalimu anayetoka Moshi, Bukoba au Songea anaingia siku ya kwanza na wenzake na anaondoka watoto wakifunga mwaka.

Na akikaa, anajua nani hayupo. Mvua za Aprili 2024 zilipofurika Mto Ngong, nyumba za kando ya mto zilisombwa, na nyingi zilizobaki zikabomolewa na serikali baada ya hapo. Shule zilizokuwa zifunguliwe Aprili 29 zilifunguliwa Mei 13. Tulipoita majina, kulikuwa na madawati yenye mtoto mmoja. Mwalimu wa darasa na mimi tulikaa na rejesta mchana kutwa: huyu amehamia Pipeline kwa shangazi, huyu wamempeleka kwa bibi yake Kitui, huyu hakuna anayejua. Katika kundi langu la kibarazani alikosekana msichana aliyekuwa ameanza kusoma sentensi. Tulimpata kwa sababu nilikuwa namfahamu mama yake, na mama yake nilimfahamu kwenye Jumuiya, yaani kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba.

Hapa nataka kusema kidogo zaidi, kwa sababu sioni jambo hili likizungumzwa. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zimekuwa mpango wa maaskofu wa kanda yetu tangu miaka ya 1970, na ukitoka Kilimanjaro ukaingia Jumuiya ya Mukuru, hakuna unachofundishwa upya. Ni zamu za nyumba zilezile, Injili ileile, mchango uleule wa kumzika mtu. Mama anayefua nguo South B hawezi kuja kwenye kikao cha wazazi siku ya Jumanne saa nne, kwani akikosa siku moja amekosa chakula cha siku hiyo. Lakini Jumapili alasiri yupo Jumuiya, amekaa kwenye mkeka, na baada ya sala ana muda wa kuniuliza, "Mwalimu, huyu wangu anaendeleaje?" Tunazungumza kwa lugha yetu sote wawili. Ananiambia baba wa mtoto ameacha kazi, au mwenye nyumba amefunga mlango kwa kufuli kwa ajili ya kodi, na Jumatatu namweleza mwalimu wa darasa kwa nini mtoto analala mezani. Sehemu kubwa ya ualimu wangu hapa Nairobi inafanyika kwenye mkeka ule.

Shule yenyewe si ya Wakatoliki peke yao. Saa sita tunasali Malaika wa Bwana, na watoto Waislamu, Wasabato na Waakorino wenye vilemba vyeupe wanasimama kwa utulivu pamoja na wenzao, kisha wote wanapanga foleni ya chakula. Tangu 2023 kaunti ya Nairobi inaleta chakula cha mchana kutoka majiko yake makubwa, mpango wa Dishi na County, na mtoto analipa shilingi 5 kwa kugusisha bangili aliyovaa mkononi. Msaada huu umewashika watoto darasani mchana kuliko hotuba yoyote.

Sasa niingie kwenye pingamizi lililo zito, na nililisikia kwanza kwa mwalimu kijana wa hapahapa shuleni. Aliniuliza bila hasira: ukifanya kazi bure, mimi nitaajiriwa na nani? Anajua anachosema. Kenya ina walimu wengi waliohitimu na hawana ajira. Walimu wa mafunzo tarajali wa sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, walikuwa wakilipwa kama shilingi 17,000 kwa mwezi kwa kazi kamili ya darasani. Aprili 2024 mahakama ya kazi ilisema kuwaajiri walimu waliosajiliwa kwa mtindo huo ni kinyume cha katiba, na Mei, shule zilipofunguliwa, wengi wao waligoma. Kwetu Tanzania hali mnaijua: wahitimu wa ualimu wanajitolea mwaka baada ya mwaka wakisubiri ajira itangazwe, na baadhi ya shule zimejizoesha kuendesha masomo kwa jasho lao.

Kwa hiyo nasema wazi: mwalimu wa kujitolea asipewe nafasi ambayo ingelipiwa mshahara. Asikabidhiwe darasa, asijaze pengo la mwalimu aliyestaafu, asitumiwe na bodi kuahirisha kuajiri. Awe mtu wa pili darasani, chini ya mwalimu mwenyeji, kwa kazi ambayo hakuna bajeti inayoilipia: kundi la kibarazani, madaftari, ziara za nyumbani. Shule ikimwomba afanye zaidi ya hayo, Parokia iliyomtuma iwe na haki ya kumrudisha. Ningependa jambo hili liandikwe kwenye barua ya makubaliano kabla mtu hajapanda basi. Yule mwalimu kijana nilipomweleza hivyo alitaka kujua kama mkuu wa shule naye anakubali. Mkuu wetu anakubali, lakini wakuu hubadilika, na ndiyo maana nataka maandishi.

Kanisa lenyewe lilishazoea kupelekeana watu. Chama cha mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, AMECEA, kilianzishwa mwaka 1961 na makao yake yako hapahapa Nairobi. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki kiko Lang'ata, na Papa Yohane Paulo II alikifungua mwaka 1985. Hakuna anayeshangaa kumwona padre Mganda akiongoza parokia ya Kenya au sista Mtanzania akiuguza wagonjwa nje ya nchi yake. Upande wa ualimu, shule za mchepuo wa Kiingereza za Moshi na Arusha zimefundishwa miaka mingi na Wakenya na Waganda, kwa mshahara. Mlei anayetumwa na parokia yake kwa mwaka mmoja ndiye bado hana mlango.

Wazee waliotangulia kuzijenga shule hizi walikuwa wageni wa mbali kweli. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya St. Austin's mwaka 1899, masista wa Loreto walifika 1921, na huku Mukuru masista wa Mercy kutoka Ireland wamekuwapo tangu miaka ya 1980. Hao walikaa. Walijifunza lugha, walizeeka hapa, na baadhi yao wamezikwa hapa. Tukitaka kufuata mfano wao, tuchukue huko kukaa, na leo anayeweza kukaa kwa gharama ndogo ni jirani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inafanya kazi tangu Julai 2010, na tangu 2018 pale Namanga pasipoti inagongwa mihuri ya nchi zote mbili ndani ya jengo moja. Unapanda basi Moshi asubuhi na unakula chakula cha jioni Nairobi. Mimi nauli yangu ilichangwa na Jumuiya yetu, chumba na chakula ni cha masista, na kiasi kidogo cha matumizi kinatoka parokiani kwetu kila muhula. Tiketi moja ya ndege kutoka Ulaya ingegharamia zaidi ya hapo.

Kikwazo kilichobaki ni makaratasi. Kibali kinachukua miezi, kinataka barua ya shirika linalokupokea, vyeti vyako na ufuatiliaji wa mtu mvumilivu. Kwangu alikuwa sista mmoja ambaye alikwenda Uhamiaji mara nyingi kuliko alivyostahili. Ofisi za elimu za majimbo zingeweza kuibeba kazi hiyo kwa pamoja, jimbo la Moshi likiandikiana na la Nairobi, Kampala na Kisumu, kila moja likitaja linahitaji nani na linaweza kutoa nani.

Kamati ya elimu ya parokia inayosoma haya isisubiri Krismasi. Anayetakiwa darasani Januari anapaswa kuanza makaratasi mwezi wa saba au wa nane. Hapa kwetu uhitaji mkubwa ni mtu wa hesabu wa kukaa na watoto wa Gredi ya 5, na masista wana chumba kimoja.