Kabla hujashusha gia boksi, panda mlima kwanza

Klachi inayokaribia kufa hujisema mapema, ila hujisema mlimani. Gari likiwa tupu uwanjani kwa fundi, hata pleti (sahani ya klachi inayoshika) iliyobakiza laining kidogo tu, yaani lile tabaka lake la kusugua, hushika vizuri. Ndiyo maana napinga tabia mbili tulizozizoea hapa Kigoma: fundi kutamka "klachi imekwisha hii" baada ya kukanyaga pedeli mara mbili, na tajiri, yaani mwenye gari, kujibu "si bado inatembea? Acha kwanza." Wa kwanza anaweza kukushushia gia boksi bure. Wa pili atakuja kununua flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa nalo) ambayo hakuwa na sababu ya kuinunua.

Kipimo cha kweli ni mlima na mzigo. Injini ikishapata moto, tafuta mwinuko mrefu barabara ya Kasulu, usiwe na gari nyuma yako. Mwendo ukiwa kilomita 40 hadi 50 kwa saa, weka gia ya nne, kanyaga mafuta mpaka chini. Klachi nzima itaifanya injini ilemewe na igune. Gari litapanda kivivu, lakini mlio na mwendo vitakwenda pamoja. Klachi iliyochoka inaiacha injini ipande mlio huku mshale wa spidi umeganda, na baada ya muda unasikia harufu kali ya kitu kilichoungua. Gia kubwa ndizo huteleza kwanza kwa sababu zinaibebesha klachi mzigo mzito zaidi. Anayejipima kwa gia ya kwanza anajidanganya.

Kile kipimo cha kuvuta hendibreki, kuweka gia ya tatu na kuachia klachi taratibu kina nafasi yake. Injini isipozima kabisa, pleti haina tena mshiko. Lakini injini ikizima, usishangilie: bila kukanyagwa mafuta haina nguvu ya kuitelezesha pleti iliyochakaa nusu. Fanya mara moja tu, maana kila ukirudia unaichoma.

Sasa, kuteleza peke yake hakutoshi kuihukumu pleti. Kwenye gari la klachi ya kebo, pleti ikilika ule mchezo wa bure wa pedeli (mwendo wake kabla haijaanza kusukuma klachi) unapungua, mpaka beringi ya klachi inaanza kuegemea muda wote vidole vya presha pleti, ile sahani inayoibana pleti kwenye flaiwili. Hapo klachi inateleza kana kwamba dereva hajatoa mguu. Kuilegeza kebo kwa nati yake kunaweza kukurudishia mshiko, na kazi hiyo haimalizi nusu saa. Bonyeza pedeli kwa mkono kabla ya kitu kingine chochote. Kwa Toyota nyingi zenye klachi ya maji (inayosukumwa na maji ya breki badala ya kebo), mchezo unaotakiwa ni milimita 5 hadi 15 kabla pedeli haijawa nzito. Ya kebo huwa mkubwa zaidi kidogo, na kipimo chake kimeandikwa kwenye kitabu cha gari.

Gia kukataa kuingia ni ugonjwa mwingine, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Gia zikilia, hasa rivasi, maana yake klachi haiachii. Ugonjwa wa pleti iliyokwisha ni kushindwa kushika. Kushindwa kuachia, kwa klachi ya maji, mara nyingi kunatoka kwenye maji yake. Kanyaga pedeli haraka haraka mara tatu au nne kisha jaribu tena. Gia ikiingia laini, tazama masta silinda ya juu na silinda ya chini, angalia kama kuna unyevu kwenye raba, toa hewa. Maji yake ni ya breki, DOT 3 kwa magari mengi yetu. Ukiongezea oili ya injini kwa sababu dukani yameisha, raba zitavimba na utabadilisha silinda zote mbili.

Sikiliza na mlio. Kelele inayoanza unapokanyaga klachi ni beringi ya klachi. Inayosikika mguu ukiwa nje na kupotea unapokanyaga, hiyo mara nyingi ni beringi ya shafti ya kuingilia gia boksi, na klachi mpya haitaiponya. Gari likitetemeka wakati wa kuondoka, kagua mauntingi za injini (raba zinazoishikilia) kwanza, halafu ndipo ushuku oili iliyomwagikia pleti.

Lini basi ubadilishe? Ikiteleza gia ya nne au ya tano tu, mlimani, ikiwa na mzigo, agiza vifaa wiki hiyohiyo. Spea za gari lako huenda zisipatikane mjini, na kusubiri kifurushi cha kutoka Dar es Salaam au Mwanza gari likiwa limekufa ni hasara juu ya hasara. Ikifika kuteleza gia ya tatu kwenye tambarare, liondoe barabarani. Usilipeleke Manyovu, kule milimani Buhigwe. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari na milima ya Buhigwe ina sehemu zinazopita 1,500, kwa hiyo safari hiyo ni kupanda, na pleti inayoteleza inachemsha flaiwili mpaka inabadilika rangi na kupasuka nyufa ndogondogo.

Tatizo ni kwamba anayeijua klachi ni dereva na anayelipa ni tajiri. Dereva anadaiwa hesabu, yaani pesa ya tajiri, kila jioni; akisema klachi inateleza, gari linalala na hesabu yake inalala, basi ananyamaza mpaka ligome kati ya Uvinza na mjini. Tajiri anayetaka kuepuka hilo asitoze hesabu siku ya matengenezo. Ni nafuu kuliko flaiwili.

Ukishashusha gia boksi, maliza kazi. Pleti peke yake ni ubahili wa gharama, kwa kuwa ufundi ni uleule ukibadilisha kimoja au vitatu. Weka pleti, presha pleti na beringi kwa pamoja. Tazama pailoti beringi (beringi ndogo inayoshika ncha ya shafti ya gia boksi) kama gari lako linayo, na sili ya nyuma ya krenki. Ikitoa unyevu, badilisha hapohapo, la sivyo pleti mpya italowa oili. Kuhusu pleti za kuvikwa laining upya kwa ribiti (vipini vya chuma vinavyoishikilia laining), kwa gari la shamba sina ugomvi. Kwa gari la abiria wa milimani, hapana.

Mwambie fundi akuoneshe pleti ya zamani. Toka uso wa laining mpaka kichwa cha ribiti, vitabu vya Toyota vinataka angalau milimita 0.3. Ribiti zikiwa zimegusa chuma, flaiwili imeshachimbwa na inahitaji kwenda kwa fundi wa kukereza. Vidole vya presha pleti vikiwa na mtaro wa zaidi ya milimita 0.6, nayo imekwisha. Nenda nayo dukani: linganisha kipenyo na uhesabu meno ya kati, kwani injini zinazofanana kwa jina huweza kutumia pleti tofauti.

Vumbi lililomo ndani lisipulizwe kwa upepo wa kompresa, kwa kuwa pleti za zamani zilikuwa na asbestosi, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Futa kwa kitambaa kilicholowa. Safisha uso wa presha pleti mpya, kwani huja na mafuta ya kuzuia kutu. Grisi kwenye meno ya shafti iwe ya kupaka tu. Ikizidi inarushwa kwenye laining. Upande wenye springi zilizochomoza huelekea gia boksi, na pleti iwekwe katikati kwa shafti kuukuu au kifaa chake kabla ya kukaza boliti, zikazwe kidogo kidogo kwa kukingamana. Ikikaa kando, mtahangaika kuchomeka gia boksi mchana kutwa, na watakaoilazimisha kwa kuivuta na boliti watakunja pleti mpya siku ya kwanza.

Kilomita 500 za mwanzo, usibebe madumu ya mawese hadi kwenye paa, na foleni ikisimama kwenye mwinuko vuta hendibreki badala ya kulishikilia gari kwa klachi.