Buti za Shemeji

Harufu ilianza masika yalipokolea. Kila nikiwasha AC, dakika mbili tatu za mwanzo sebule nzima inanuka soksi iliyolowa ikasahauliwa ndani ya kiatu. Na kwa kuwa shemeji alikuwa amehamia kwetu wiki hiyohiyo, na buti zake za kazini, sikuhitaji upelelezi.

"Shemeji, samahani, buti zilale nje."

Zikalala nje. Usiku wa tatu zikaondoka na mtu mwingine. Harufu ikabaki.

Mimi nikawa naamka pua imeziba, macho yanawasha, chafya saba mfululizo. Nikifika kazini, saa nne niko mzima. Mtoto wetu ana pumu, akaanza kubanwa kifua usiku. Tukampeleka kwa daktari. Daktari hakuuliza habari za soksi, aliuliza AC imesafishwa lini. Mke wangu akanitazama. Mimi nikaitazama chati ya chanjo ukutani.

Koili ya ndani, ile mirija inayopoza hewa, ikipoa hutoa jasho kama chupa ya soda. Maji yanadondokea kwenye trei na kutoka kwa bomba. Changanya maji hayo na vumbi lililoponyoka chujio, weka gizani, umepata shamba la kuvu. Langu nililitia na mbolea: sebule ya mita 3 kwa 4 inayotoshwa na BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), mimi nilinunua 18,000, eti kubwa ndiyo kubwa. Limashine hilo linaleta baridi upesi, kompresa inazima kabla hewa haijakauka, chumba kinabaki baridi na chepechepe kama pango.

Jumapili ya Pasaka nikajifanya fundi. Nilianza vizuri: nikazima breka ya umeme, nikaosha vichujio kwa sabuni, nikavianika kivulini maana jua huvikunja. Jiki niliiacha kabatini, klorini hula alumini. Kisha nikamulika tochi kwenye mdomo wa hewa. Kuna feni humo, ndefu na ya mviringo kama kifimbo cha kusukumia chapati. Kila pezi lilikuwa na utando mweusi kama masizi ya sufuria ya kuni.

Fundi wa kweli hufunga mfuko mpana wa plastiki chini ya mashine, wenye mpira unaoteremka hadi kwenye ndoo. Hupulizia dawa ya koili, husubiri dakika 10 hivi, kisha husuuza taratibu kutoka juu kwenda chini, kwa kuwa mapezi ya alumini ya koili hujikunja hata kwa kidole. Mimi nilikuwa na mswaki wa zamani, chupa ya kupulizia na beseni.

Nilisugua saa nzima. Uchafu ulilainika wote, ila haukutoka. Nikawaza: si feni hii? Ijikaushe yenyewe.

Wakati narudisha breka, mama mkwe anaingia kutoka kanisani, gauni jeupe pe, amekuja kumpa pole mwanawe kwa buti. Akakaa kochi linalotazamana na AC.

"Mwanangu, hapa pana joto."

Nikabonyeza rimoti. Mashine ikakohoa mara moja, kisha ikatema yote. Mama mkwe aliyeingia njiwa akawa kanga, madoa tu ndiyo yalikuwa ya kinyume.

Jumatatu akaja fundi. Alichomoa ile feni akaioshea uani, akapuliza bomba la maji, kikatoka kitu kinachovutika kama mlenda. Akaagiza: vichujio kila wiki mbili, na kabla ya kuzima AC iachwe nusu saa kwenye alama ya feni tu, koili ikauke. Harufu ikaisha siku hiyohiyo. Mtoto akalala.

Buti mpya nimenunua, namba 43. Zinalala sebuleni, chini ya AC, kwa amri ya mama mkwe.