Dar au Durban: hesabu ya kupanga namba fazi

Mfanyabiashara wa piesi za magari hapa Lubumbashi anaweza kuleta mzigo kupitia Dar es Salaam au Durban. Njia zote mbili humfikisha kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Tuseme msafirishaji anamwambia hivi: Dar, mambo yakinyooka ni siku 20, kwa kawaida 25, yakikwama 45. Durban ni 24, 30 na 33. Achague ipi?

Makadirio ya namna hiyo, yenye ncha mbili na katikati, huitwa namba fazi za pembetatu. Msingi wake ni nadharia ya seti fazi (fuzzy), yaani zenye mipaka isiyo mikali, ya Lotfi Zadeh ya mwaka 1965. Ninazipenda kwa sababu zinapokea mashaka ya mtu kama alivyoyasema, bila kumlazimisha ataje siku moja. Ugumu uko kwenye kuzipanga: 20 ni ndogo kuliko 24, lakini 45 inaipita 33. Tangu Ramesh Jain atoe njia yake mwaka 1976, zimependekezwa nyingine nyingi, na hakuna iliyokubaliwa na wote.

Chukua kalamu. Njia ya kitovu hujumlisha namba tatu na kugawanya kwa 3: Dar 30, Durban 29. Durban ndiyo fupi. Faharisi moja ya Ronald Yager, ya mwaka 1981, huihesabu namba ya katikati mara mbili, kisha hugawanya kwa 4: Dar 28.75, Durban 29.25. Sasa Dar ndiyo fupi! Msafirishaji hajabadilisha neno hata moja.

Wanaotetea kanuni moja isiyogeuzwa wana hoja nzito. Kamati yenye zabuni kumi haiwezi kubishana juu ya kila pembetatu, na kanuni iliyotangazwa mapema humfunga mikono mwenye upendeleo.

Liou na Wang, mwaka 1992, waliuweka msimamo wa mwamuzi wazi ndani ya hesabu. Upande wa chini, yaani wastani wa namba ya kwanza na ya katikati, unaipa Dar 22.5 na Durban 27. Upande wa juu, wastani wa ya katikati na ya mwisho, Dar 35 na Durban 31.5. Mwamuzi ndiye anayegawa uzito, ambao jumla yake ni 1, kati ya pande hizo. Ukiupa upande wa juu zaidi ya takriban 0.56, Durban inashinda. Chini ya hapo, Dar. Hatari yake naiona: aliyekwisha kuipenda Dar moyoni ataandika 0.5 na kujificha nyuma ya hesabu.

Hata hivyo mimi nakubaliana na Liou na Wang, kwa sharti moja: uzito uwekwe kabla makadirio hayajafika, na auweke atakayebeba hasara. Kitovu na Yager nazo zina uzito wake. Ila umefichwa ndani ya kanuni, na mwenye mzigo hakuulizwa.

Huyu wetu alinunua mzigo kwa pesa ya likelemba (mchango wa kupokezana kwa zamu), na anatakiwa kuirudisha siku ya 35. Kwa makadirio aliyopewa, Durban ikikwama kabisa inafika siku ya 33. Dar ikikwama, deni litakuwa limeshapita siku kumi. Achukue Durban.