Claudette kabla ya Rosa: watoto waambiwe nini?

Machi 2, 1955, mjini Montgomery, Alabama, msichana mweusi wa miaka 15 aitwaye Claudette Colvin alikataa kumpisha abiria mzungu kiti ndani ya basi. Polisi walimkokota nje, wakamtia pingu. Miezi tisa baadaye Rosa Parks alifanya vivyo hivyo mjini humohumo, na ndiye anayejulikana dunia nzima.

Vitabu vya watoto kuhusu wanawake waliosahaulika sasa vimejaa Marekani, hasa kila Machi, mwezi uliotengwa na Bunge la nchi hiyo mwaka 1987 kuwa wa historia ya wanawake. Wanaovitetea wana hoja nzito: mtoto anayesimuliwa marais na majenerali tu atadhani wanawake walikuwa watazamaji. Mpe Bessie Coleman. Shule za urubani za kwao zilimkataa kwa kuwa ni mwanamke, tena mweusi. Akajifunza Kifaransa, akavuka bahari, na mwaka 1921 akapata leseni yake Ufaransa. Kisa hicho hakihitaji kumbembeleza mtoto asikilize.

Wenye shaka wanasema pupa ya kusaka mashujaa huzaa ngano. Wanamtaja Sybil Ludington, anayesemekana kukesha juu ya farasi Aprili 1777, wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, akiwa na miaka 16, akiwaita wanamgambo wa baba yake. Ana sanamu na hata stempu, ila kisa kilichapishwa karne nzima baadaye, na ushahidi wa wakati ule haujaonekana. Ni kweli, lakini dawa yake nyepesi: sema "inasimuliwa", basi.

Kinachonisumbua zaidi ni vitabu vinavyosema Claudette "alisahaulika" kisha vikanyamaza, kana kwamba kusahaulika ni mvua, hunyesha tu. Aliwekwa kando, na waliomweka kando walikuwa watu wa upande wake. Viongozi wa weusi waliona binti mdogo, wa familia maskini, na punde mjamzito, angewapa wapinzani cha kusema. Hesabu zao za kisiasa hazikuwa za kijinga. Hata hivyo, Claudette alikuwa mmoja wa wanawake wanne walioshitaki katika kesi ya Browder dhidi ya Gayle, iliyozika ubaguzi ndani ya mabasi ya Montgomery mwaka 1956. Rosa hakuwamo kwenye kesi hiyo.

Je, mtoto wa miaka saba aambiwe habari za mimba? Sioni haja; kisa cha basi na pingu kinamtosha. Wa miaka 12 aambiwe yote, kwa sababu huyo keshajua namna kundi linavyochagua nani asimame mbele. Ila asiambiwe kwamba Rosa alimpora Claudette sifa. Rosa alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, mjini hapo na mlezi wa kundi lake la vijana, na Claudette alikuwa mmoja wa vijana hao.