Besiboli ya vyuo Marekani: chuo cha miaka miwili kinadharauliwa bure

Mwezi Juni 2025 jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, na wazazi wengi wenye vijana wanaocheza besiboli sekondari wakashangilia. Zamani timu ya Daraja la Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya michezo ya vyuo, iliruhusiwa kutoa ufadhili kamili 11.7 tu. Sasa, kwa chuo kinachojiunga na utaratibu mpya, kikomo hicho kimeondolewa, na kila mchezaji katika kikosi cha watu 34 anaweza kulipiwa kila kitu. Kutoka 11.7 hadi 34: nani asingefurahi?

Furaha hiyo ina msingi. Kabla ya korona, ule ufadhili wa 11.7 ulikuwa ukigawanywa kwa wachezaji wasiozidi 27. Piga hesabu utaona kwamba kwa wastani kila mmoja alipata chini ya nusu ya gharama zake, na iliyobaki ilikuwa juu ya wazazi. Ndiyo maana besiboli ya vyuo ilibaki mchezo wa wenye nacho, huku kijana mwenye kipaji asiye na fedha akikimbilia mpira wa kikapu au futiboli ya Kimarekani, ambako timu kubwa zililipa gharama zote. Chuo chenye fedha na nia sasa kinaweza kulirekebisha hilo.

Lakini tuitazame tena hiyo 34, maana inasomwa kwa haraka mno. Ni kikomo cha kikosi. Katika misimu iliyofuata korona timu iliruhusiwa kuandikisha hadi wachezaji 40, kwa hiyo kwa kila chuo kilichojiunga na utaratibu mpya zimepotea hadi nafasi sita. Timu za daraja hilo ni kama 300. Hata ukiondoa vyuo vilivyobaki nje, ni mamia ya vijana waliokosa nafasi kikosini. Na sheria inakiruhusu chuo kuwafadhili wote 34, haikilazimishi. Chuo kisicho na mapato makubwa kitaendelea kugawa kidogo kilicho nacho, ila kwa watu wachache zaidi. Aliyeumia hasa ni yule kijana aliyekuwa akiingia bila ufadhili, akijilipia, akifanya mazoezi mwaka mzima kwa matumaini kwamba kocha atamwona. Kiti chake ndicho kilichokatwa kwanza.

Juu ya hilo, anayegombea kiti kilichobaki si mwenzake wa miaka 18. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima, na tangu 2024 anaweza kuhama zaidi ya mara moja. Mwaka huohuo wa 2021 Ligi Kuu ya besiboli ya kulipwa (MLB) ilipunguza raundi za usajili wake wa kila mwaka, ambako timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, kutoka 40 za awali hadi 20, na timu zake za chini zikapungua kutoka 160 hadi 120. Mamia ya vijana ambao wangekuwa wamekwenda kulipwa sasa wamebaki vyuoni. Kocha anayetafuta mrushaji anaweza kumchukua mtu wa miaka 22 ambaye rekodi zake dhidi ya wapigaji wa chuo zinajulikana, au kumsubiri kijana ambaye mabega yake hayajakomaa. Kazi ya kocha huyo inapimwa kwa ushindi wa msimu huu. Simlaumu.

Ninachokipinga ni ushauri unaotolewa baada ya hapo: kwamba kijana ang'ang'anie jina kubwa hata kama atakaa benchi, kwa kuwa chuo cha jamii cha miaka miwili ni cha walioshindwa. NJCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo hivyo vya miaka miwili, kinaruhusu timu yake ya daraja la juu kutoa hadi ufadhili 24, zaidi ya mara mbili ya kile walichokuwa nacho wakubwa hadi juzi. Na pale kijana anacheza. Mpigaji haongezi ujuzi kwa kutazama; anahitaji kusimama mbele ya mrushaji mamia ya mara, akosee, arudi kesho. Isitoshe, mchezaji wa chuo cha miaka miwili anaweza kusajiliwa na Ligi Kuu baada ya mwaka mmoja, wakati aliyeingia chuo cha miaka minne kwa kawaida husubiri hadi amalize mwaka wa tatu au afike miaka 21.

Wanaotetea njia hii hupenda kumtaja Bryce Harper, aliyetoka College of Southern Nevada mwaka 2010 akachaguliwa wa kwanza nchini. Harper angefika popote alipopita. Mfano unaomfaa kijana wa kawaida ni Mike Piazza. Alianzia University of Miami, akacheza kwa nadra sana, akahamia chuo cha jamii cha Miami-Dade. Alisajiliwa mwaka 1988 katika raundi ya 62, raundi ambayo leo haipo, na mwaka 2016 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli.

Upande wa pili una hoja moja nzito, nayo ni shahada. Anayekaa benchi katika chuo kizuri bado anasoma katika chuo kizuri, na takwimu za NCAA zinaonyesha kwamba katika wachezaji 100 wa sekondari ni kama wawili tu wanaofika Daraja la Kwanza, sembuse kulipwa. Masomo ya chuo cha jamii si yote yanayotambuliwa unapohama, na kijana asiye makini anaweza kujikuta ana miaka miwili ya besiboli na nusu ya masomo aliyodhani yatahesabiwa. Kwa kijana anayeipenda hesabu au uhandisi kuliko gongo, chuo cha Daraja la Tatu, kisichotoa ufadhili wa michezo lakini kinachoweza kumsaidia kwa mahitaji ya familia na alama za darasani, huenda kikamfaa kuliko vyote viwili.

Kwa anayetaka kucheza kweli, kabla hajasaini popote, amwulize kocha maswali mawili: katika kikosi cha mwaka jana ni wangapi waliingia moja kwa moja kutoka sekondari, na kati yao ni wangapi bado wapo? Majibu hayo yanaweza kuhakikiwa kwenye orodha ya wachezaji ambayo kila chuo huitangaza. Zikionekana sura za waliohamia tu, kijana atafute kule atakakocheza Februari ijayo, msimu unapoanza.