Mashine Imegoma Kukamua, Nakamuliwa Mimi

Blanketi likilowa huwa zito kama mlevi aliyekataa kurudi nyumbani. Nalijua hilo kwa sababu Jumapili iliyopita nililikumbatia moja kutoka bafuni mpaka kambani, maji yakinichuruzika hadi ndani ya soksi, huku nusu ya mtaa wetu hapa Tabata ikinitazama kama inatazama mechi.

"Baba Salma, si ulisema mmenunua mashine?"

Tumenunua. Ndiyo hiyo imegoma.

Mashine yenyewe ni mtumba wa Ulaya, ile ya mlango wa mbele wenye kioo cha duara kama dirisha la meli. Muuzaji aliniapia kwamba ilikuwa ya bibi mmoja mzee anayeishi peke yake. Nimechunguza: kila mtumba wa Ulaya ulikuwa wa bibi mzee anayeishi peke yake. Friji lake, gari lake, baiskeli yake. Sijui hao mabibi wanapumzika saa ngapi. Kwenye paji la uso imeandikwa mizunguko 1,200 kwa dakika, na mimi niliposoma hivyo nikajiona nimenunua ndege.

Sasa ndege inafua vizuri. Ikifika kwenye kukamua inanguruma, inazunguka nusu duara, inatulia, inawaza. Kisha inaandika E na namba, inalia mara tatu, basi, imelala. Mlango imeufunga yenyewe. Mashati yangu ya kazini nayaona kwenye kioo yanaelea kama samaki wa hotelini, na Jumatatu ni kesho. Nikakimbilia kitabu chake cha maelekezo. Kina lugha kumi na nne. Kiswahili hakimo.

Hapo ndipo kila mtu alipogeuka fundi. Jirani akasema chomoa, hesabu mpaka mia, chomeka. Nilihesabu mpaka mia mbili, kwa heshima. Shemeji akasema umeme wa huku kwetu ni mdogo, mashine ya Ulaya imezoea kushiba. Kijana wa duka la simu akasema blanketi likiwa peke yake linajikusanya upande mmoja, pipa linayumba, mashine inajihami isiruke. Huyo kumbe alisema kweli, maana hata mashine nzima hukataa hivyo, lakini tulipoondoa blanketi kwa mbinde bado iligoma, naye akarudi kuuza vocha.

Halafu kuna mama mkwe. Tangu mashine iingie anaitazama kama mke mwenza wa binti yake. Hoja yake ni moja: nguo haiwezi kutakata bila povu. Basi wakati sisi tunajadili umeme, yeye akafungua kile kidroo cha juu akamimina sabuni ya unga, ile ya kufulia kwa mikono, vikombe viwili vya chai. Mashine ilipowashwa tena povu lilitokea kidrooni, likashuka ukutani, likaenda sebuleni kusalimia wageni. Mashine hizi zina sabuni yake isiyo na povu jingi. Povu likijaa, pampu inavuta hewa badala ya maji, na pipa linaelemewa. Nani atamwambia mama mkwe? Nilinyamaza, nikachukua dekio.

Fundi alikuja saa kumi. Akaweka sikio kwenye mashine kama daktari, akagonga mara mbili na spana, hakufungua hata skrubu moja.

"Bosi, hapa mota imekufa."

Laki mbili na nusu. Nikamwambia nitamtafuta. Akachukua nauli ya kuja na kurudi, elfu kumi, akanywa na soda. Elfu kumi kwa kusikiliza! Redio nasikiliza bure.

Usiku, wamelala wote, nikaangalia video ya Mhindi mmoja simuelewi hata neno, ila mikono yake naielewa. Chini kabisa ya mashine, upande wa kulia, kuna kimlango kidogo ambacho mimi siku zote nilidhani ni pambo. Ndani yake kuna kizibo, na nyuma ya kizibo ndipo lilipo chujio la pampu. Yule Mhindi alichomoa waya kwanza, akatega chombo bapa, maana ndoo haiingii pale. Chombo bapa nilichokiona mimi jikoni ni sinia la pilau.

Nikazungusha kizibo kwenda kushoto. Bismillahi sikuimaliza. Sinia lilijaa kwa kufumba na kufumbua, maji yakapita juu yake yakaelekea koridoni bila haraka, yamebeba povu la mama mkwe. Nikaacha yaende. Nikaingiza vidole: nyuzi za blanketi zilizojisokota kama kamba, chupio, kifungo, kijiti cha meno. Ndani zaidi kuna kifeni kidogo cha kusukuma maji, na katikati ya mabawa yake kimebana kitu. Nikakivuta kwa koleo.

Jero. Sarafu ya mia tano, Mzee Karume upande mmoja, nyati upande wa pili, imeng'aa kuliko siku iliyotoka benki kuu. Kumbe mota nzima kabisa! Pampu ndiyo ilikuwa imenyongwa, na mashine haikamui kama tumboni kuna maji. Nilitaka kupiga vigelegele.

Halafu nikakumbuka. Wiki mbili zilizopita Salma aliniomba hela ya shule, mimi nikaapa kwamba nimeshampa jana yake, jero nzima, na kama hana basi ameila andazi. Mtoto alilia mpaka getini. Suruali yangu ya kadeti ikaingia kwenye mashine jioni ile ile.

"Baba, miguu yangu imelowa." Salma amesimama mlangoni, anatazama kidole gumba changu na cha shahada. "Si jero yangu hiyo?"

Nikaifuta kwenye fulana nikampa. Mama Salma akaja nyuma yake, hakusema kitu, aliangalia tu sinia. Nikaona afadhali, yameisha.

"Bado riba," ikasema sauti gizani. Mama mkwe ni mweka hazina wa kikoba.